Je, Mto Ndio Uliogawa Mji Wetu?

Kila mwanafunzi wa shule yetu, hata yule aliyeingia mwaka huu, anajua kwamba Bujumbura ina ng'ambo mbili. Mto Ntahangwa hushuka kutoka milimani, hupita katikati ya mji, kisha huingia katika ziwa Tanganyika. Kaskazini yake kuna Ngagara, Kigobe, Gihosha, Kamenge, Kinama, Cibitoke, Mutakura na Buterere. Kusini yake kuna Buyenzi, Bwiza, Nyakabiga na Rohero. Na ukiendelea zaidi, baada ya kuvuka mto mwingine uitwao Muha, wafika Kinindo, Musaga na Kanyosha. Hata Mutanga imekatwa vipande viwili, Mutanga Kaskazini na Mutanga Kusini, na mto ndio mpaka wao.

Mimi nakaa Buyenzi, na shule yangu iko ng'ambo ya kaskazini. Kwa hiyo navuka daraja mara mbili kwa siku. Wenzangu wa kaskazini husema kwamba sisi wa kusini tuna maneno mengi, kwamba tunauza na kununua hata tukiwa usingizini, na kwamba tukiota tunaota kwa Kiswahili. Nasi huwajibu kwamba wao hawajui kupika pilau wala kufunga bao. Siku ya mpira mzaha huo huongezeka, na mwalimu wa michezo hucheka pamoja nasi.

Mzaha wa namna hii hauna ubaya. Lakini nimesikia pia maneno mengine yasiyokuwa mzaha. Nimemsikia kijana wa umri wangu akisema kwamba watu wa ng'ambo ile hawaaminiki, na kwamba Mungu asingaliuweka mto pale kama hakutaka tukae mbalimbali. Wenzake walinyamaza kana kwamba wamesikia jambo la elimu. Basi nimeona yafaa tulichunguze jambo hili kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa kuchunguza jambo lo lote darasani. Je, ni kweli kwamba mto ndio uliogawa mji wetu? Jibu langu ni kwamba si kweli, nami nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza tutazame historia. Mwezi wa Novemba 1871 Stanley na Livingstone walipanda mashua kutoka Ujiji wakaja hadi ncha ya kaskazini ya ziwa. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliona kwamba unaingia. Nchi waliyoikuta huku iliitwa Uzige, na mmoja wa watawala wake aliitwa Mukamba. Mji haukuwapo bado. Palikuwa na vijiji, mashamba na wavuvi, na wafanyabiashara waliokuwa wakifika kwa njia ya ziwa wakileta lugha tunayoandikia gazeti hili. Wakati huo Ntahangwa ilipita hapa kama inavyopita leo, lakini hakuna aliyejiita mtu wa ng'ambo hii au ng'ambo ile, kwa kuwa hapakuwa na mji wa kugawanya.

Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani wakajenga kituo chao cha askari, wakakiita Usumbura. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji wakauteka mji na kuufanya makao makuu ya utawala wao wa Ruanda-Urundi. Ndipo mji ulipoanza kugawanywa, na waligawanya kwa makusudi. Wazungu walikaa Rohero, na baadaye wakapanda vilima vya Kiriri. Waasia walipewa mtaa wao, ambao hata leo huitwa Mtaa wa Waasia. Waswahili walikusanywa Buyenzi, mtaa uliopigwa mistari kama daftari la hesabu, hata barabara zake zikapewa namba badala ya majina. Watu waliotoka Kongo na sehemu nyingine walikaa Bwiza, ambayo wazee hupenda bado kuiita Belge. Kila kundi lilikuwa na mahali pake, na kila mahali palikuwa na kiwango chake cha maji, taa na barabara.

Sasa ninaomba msomaji achukue ramani, aangalie mitaa hiyo niliyoitaja. Rohero iko kusini ya Ntahangwa. Mtaa wa Waasia uko kusini. Buyenzi na Bwiza ziko kusini. Yote iko upande mmoja wa mto! Mpaka wa kwanza wa mji huu, ule uliomtenga Mzungu na Mwasia na Mwafrika, haukuhitaji mto hata kidogo. Ulichorwa ofisini.

Baadaye, katika miaka ya 1950, watu wakawa wengi kuliko nyumba. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa na ofisi ya kujenga mitaa ya Waafrika, iliyojulikana kwa kifupi kama OCAF. Ofisi hiyo ilijenga Ngagara, ng'ambo ya kaskazini ya mto, nyumba za kudumu zilizopangwa kwa safu, kwa ajili ya makarani na wafanyakazi. Mpaka leo ukimwambia mzee kwamba unakwenda Ngagara, huenda akakuuliza, "Unakwenda Okafu?" Mitaa mingine ya kaskazini ikakua, na mji ukavuka mto. Kwa hiyo waliokaa kaskazini hawakuwa taifa lingine lililotoka mbali. Wengi walikuwa watu waliotafuta nafasi ya kulala, kama walivyotafuta wale wa kusini.

Palikuwa pia na watu waliotaka kuunganisha mji huu uliogawanywa. Mwanamfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa, mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapa Usumbura, na katika mitaa ya Waswahili alipata wafuasi wengi wenye moyo. Chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961 kwa viti 58 kati ya 64. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba 1961, alipigwa risasi akafa, hapa hapa mjini, karibu na ziwa. Nchi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila yeye. Na hata kabla ya siku hiyo ya uhuru, mwezi wa Januari 1962, vijana wa siasa walikuwa wamekwisha kuwashambulia na kuwaua viongozi wa Kihutu mtaani Kamenge. Hiyo ilikuwa dalili, lakini wengi hawakuisoma.

Nitapita upesi katika miaka iliyofuata, si kwa kuwa haikuwa mizito, bali kwa kuwa kila nyumba inaijua. Mwaka 1972 nchi nzima ilipoteza watu wasiohesabika. Hata hivyo, mitaa ya Bujumbura iliendelea kuwa na mchanganyiko. Mhutu alikuwa jirani wa Mtutsi huko Kamenge, na Mtutsi alikuwa jirani wa Mhutu huko Nyakabiga. Walikopeshana chumvi na kuzikana.

Mchanganyiko huo ulivunjwa baada ya tarehe 21 Oktoba 1993. Siku hiyo Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa mwezi wa Juni mwaka huo huo, aliuawa na wanajeshi. Nchi ikaingia katika mauaji, na katika mji wetu mitaa ikaanza kutengana. Haikufanyika kwa siku moja. Kwanza ulikuja uvumi, kwamba jirani fulani ana silaha. Kisha makundi ya vijana yakaanza kulinda njia, wakimuuliza kila apitaye anatoka wapi na anakwenda kwa nani. Zilikuwako pia siku zilizoitwa za mji mfu, ambapo vijana waliziba barabara, maduka yakafungwa, na aliyetoka alijihatarisha. Familia moja ikahama usiku, na ya pili ikafuata, na nyumba zikapata wenyeji wapya. Mwezi wa Machi 1995 zamu ikawafikia Bwiza na Buyenzi, mitaa iliyokuwa bado imechanganyika. Watu wakauawa, na maelfu wakakimbilia Zaire. Katikati ya mwaka huo Kamenge nayo ikaachwa na watu wake.

Mambo yalipotulia kidogo, ilisemwa kwamba Kamenge na Kinama ni mitaa ya Wahutu, na kwamba Ngagara, Cibitoke, Mutakura, Nyakabiga na Musaga ni mitaa ya Watutsi. Tena ninamwomba msomaji atazame ramani. Kamenge iko kaskazini ya Ntahangwa. Kinama iko kaskazini. Lakini Ngagara nayo iko kaskazini, na Cibitoke pia, na Mutakura pia! Nyakabiga na Musaga ziko kusini. Cibitoke na Kinama hazina mto mkubwa wa kuzitenga. Ni majirani wa kuonana. Mpaka uliomwaga damu nyingi kuliko yote katika mji huu ulikuwa njia tu, ambayo leo mtoto huivuka akikimbiza mpira.

Basi huo ndio ushahidi wangu wa kwanza. Kama mto ndio ungaligawa watu, mpaka wa mwaka 1995 ungalifuata mto. Haukuufuata. Ulifuata hofu, na hofu hiyo ilikuwa na wapishi wake.

Ushahidi wa pili unatoka mbali na kwetu. Wasomaji wengi wamesikia habari za Zanzibar. Pale palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe, na upande wa pili, wenye nyumba za udongo na makuti. Upande huo wa pili uliitwa Ng'ambo, na mahali palipokuwa na daraja pakaitwa Darajani. Katika karne ya 20 ule mkono wa bahari ulifukiwa, na leo ni barabara na viwanja. Maji yamekwisha, lakini jina la Ng'ambo likabaki, na kwa muda mrefu tofauti ya mwenye jumba na mwenye kibanda ikabaki nalo. Kumbe maji yaweza kuondoka na mgawanyiko usiondoke.

Mfano mwingine ni Mostar, mji wa Bosnia uliojengwa pande mbili za mto Neretva. Daraja lake la mawe lilijengwa na Waturuki mwaka 1566. Tarehe 9 Novemba 1993, siku 19 tu baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye, mizinga ililiangusha katika vita vya watu waliokuwa wakiishi pamoja. Mwaka 2004 daraja likajengwa upya, jiwe kwa jiwe, na watu wa mataifa mengi wakaja kushangilia. Lakini wanasiasa wa pande mbili walishindwa kupatana juu ya namna ya kutawala mji, hata ukakaa miaka 12 bila uchaguzi wa baraza la mji, toka 2008 mpaka 2020. Kumbe daraja nalo laweza kurudi na umoja usirudi upesi.

Na kinyume chake kipo. Buda na Pest ilikuwa miji miwili iliyotazamana juu ya mto Danube, ambao ni mpana kuliko Ntahangwa mara nyingi sana. Mwaka 1849 wakafungua daraja la minyororo, na mwaka 1873 miji hiyo, pamoja na mdogo wake Óbuda, ikaungana kuwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Mto mkubwa haukuwazuia. Na huko Lamu, katika pwani ya Kenya, mji una nusu mbili, Mkomani na Langoni, zisizokuwa na mto wo wote kati yake. Lakini zimeshindana kwa vizazi vingi, na nyingi ya mashindano hayo yalikuwa ya ngoma na nyimbo. Palipokuwa na mto watu waliungana, na pasipokuwa na mto watu walishindana. Basi mto umeondoka katika mashitaka.

Huenda msomaji akauliza: kama ndivyo, ni lini ushindani wa pande mbili huwa mzuri, na ni lini huwa sumu? Nimefikiri sana juu ya swali hili, nami naona kuna alama tatu.

Alama ya kwanza ni makao. Maadamu watu wa upande huu wana ndugu, wakwe na wapangaji upande wa pili, ushindani hauna meno. Mtu hawezi kuutukana mtaa ambao dada yake ameolewa. Siku ambayo hakuna tena hata mtu mmoja wa kwetu anayelala kwao, hatuna mtu wa kutuambia kwamba uvumi tuliousikia ni uongo.

Alama ya pili ni mahali pa wote. Mji wahitaji mahali ambapo pande mbili hulazimika kukutana: soko, shule, hospitali, uwanja wa mpira. Sisi tulikuwa na Soko Kuu katikati ya mji. Tarehe 27 Januari 2013 liliungua, na mali ya wafanyabiashara wengi ikawa majivu. Wauzaji wakatawanyika: wengine wakaja kwetu Buyenzi, katika soko la Ruvumera, wengine wakaenda Cotebu, upande wa Ngagara, na wengine kwingineko. Watu walihesabu hasara ya fedha, na hiyo ilikuwa kubwa. Lakini palikuwa na hasara nyingine isiyoandikwa katika daftari: mama wa Kinama na mama wa Musaga hawakuwa na sababu tena ya kusimama mbele ya meza moja, wakigombea bei ya fungu moja la ndagala. Kila upande ulipata soko lake, na hapo ndipo tunapohitaji kuangalia sana.

Alama ya tatu ni faida. Katika mzaha wa mpira hakuna apatacho mtu isipokuwa kicheko. Lakini ukiona kuna mtu anayepata cheo, fedha au silaha kwa sababu watu wa pande mbili wanachukiana, ujue kwamba ushindani umekwisha kuwa biashara ya mtu huyo. Mwaka 1993 na miaka iliyofuata alama zote tatu zilionekana mjini mwetu. Makao yalitengana, watu waliogopa kukutana, na wakubwa wengine wakapata nguvu kwa hofu ya wadogo.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila mtu alikubali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wamisionari Waksaveri walianzisha Kituo cha Vijana cha Kamenge kwa ajili ya mitaa sita ya kaskazini, yaani Buterere, Cibitoke, Gihosha, Kamenge, Kinama na Ngagara. Angalia majina hayo vizuri: ni ile mitaa iliyokuja kupigana. Vita vilipofika, kituo hakikuhama. Vijana Wahutu na Watutsi waliendelea kukutana pale kwa michezo, masomo na kazi za mikono, ilhali nje ya ukuta watoto wa umri wao walikuwa wakishika silaha. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa huko Sweden tuzo ya Right Livelihood, ambayo wengi huiita Nobel ya pili. Na tarehe 28 Agosti 2000 mapatano ya amani yalikuwa yametiwa sahihi mjini Arusha, ingawa bunduki zilichukua miaka mingine kunyamaza. Polepole watu wakarudi, na leo mitaa mingi ina mchanganyiko tena.

Sasa nakuja katika jambo la mwisho, nalo ni mto wenyewe. Mpaka hapa nimeutetea kama mtu aliyeshitakiwa bure. Lakini mto huu una habari yake, na habari hiyo ni ya hatari kwa pande zote mbili.

Ziwa letu liko mita 774 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki milima hupanda kwa ghafula mpaka kupita mita 2,000, tena si mbali. Mvua ikinyesha huko juu, maji hushuka kwa mbio kama mtu aliyesukumwa ngazini. Zamani miti na majani yaliyapunguza mwendo. Sasa misitu ya milimani imepungua, na nyumba zimeongezeka. Na paa la bati na barabara ya lami havinywi maji. Maji yote huenda mtoni kwa wakati mmoja. Yakifika uwandani hukuta ardhi laini, ya mchanga na udongo ulioletwa na mito yenyewe katika miaka mingi, nayo huikata kama kisu kinavyokata mkate. Ndiyo maana Ntahangwa imechimba korongo lenye kingo za kwenda juu, na ndiyo maana kila masika nyumba zilizo karibu na ukingo huingia hatarini, na nyingine huanguka.

Tena kuna watu wanaochimba mawe na mchanga katika mto kwa ajili ya ujenzi. Siwalaumu wenye njaa, lakini yafaa tuelewe kazi ya yale mawe. Mawe makubwa ya chini ndiyo ngao ya mto. Hupunguza nguvu ya maji na kuzuia sakafu yake isichimbwe. Ukiyaondoa, mto hushuka chini zaidi, na ukingo uliokuwa umesimama imara hubaki ukining'inia juu ya shimo.

Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wa kaskazini na wa kusini wasome polepole. Mto ukipinda, maji ya kasi hupiga ukingo wa nje na kuula, na kwenye ukingo wa ndani maji hupunguza mwendo yakaacha mchanga. Mtu wa ukingo wa ndani huona kiwanja chake kinaongezeka, akamcheka jirani wa ng'ambo anayepoteza jiko lake. Lakini mto haupindi mara moja tu. Katika kona ya pili aliyekuwa ndani huwa nje, na aliyepoteza huwa apataye. Zaidi ya hayo, upande mmoja ukijenga peke yake ukuta mgumu wa mawe yaliyofungwa katika waya, yale maji hayafi. Hurushwa upande wa pili, na mara nyingi huurudia upande wa kwanza mbele kidogo, mahali ukuta ulipokoma. Kwa sababu hiyo mafundi hushauri kwamba kingo mbili zitengenezwe kwa mpango mmoja, tangu milimani mpaka ziwani. Katika kazi ya mto huu hakuna ushindi wa upande mmoja. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Tulikwisha kuona jinsi maji yanavyofanya. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa ilinyesha, maji na matope na mawe yakashuka kutoka milimani yakaingia katika mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama miongoni mwake. Watu zaidi ya 60 walikufa, na maelfu wakakosa nyumba. Mitaa ambayo miaka ishirini hivi nyuma ilikuwa ikiogopana ilifukua matope siku zile zile na kuzika wafu wake siku zile zile.

Kabla ya uchaguzi wa 2015 serikali ilikusanya tarafa 13 za mji zikawa tatu, nazo zikapewa majina ya Ntahangwa, Mukaza na Muha. Mwaka 2025 mipaka ya nchi nzima ikapangwa upya, na mikoa 18 ikawa 5. Mipaka ya karatasi hubadilika, na si vibaya kubadilika, maana watu waliiandika na watu waweza kuifuta. Hata mpaka ule wa 1995 uliandikwa na watu, na watu wameanza kuufuta.

Basi sisi wanafunzi tufanye nini? Naona mambo manne, nayo yote yako katika uwezo wetu.

La kwanza, tuendelee na mzaha wa mpira na pilau, lakini tujue mwisho wake. Ukisikia mzaha unataja kabila, au wafu, au nani alikimbia na nani alibaki, huo si mzaha tena. Sema hivyo bila hofu, maana mara nyingi watu hunyamaza wakingoja mmoja aanze.

La pili, tutembeleane. Kila mwanafunzi awe na rafiki mmoja ng'ambo ya pili ambaye anaijua nyumba yake na kuwaamkia wazee wake kwa majina. Niliyoyasema juu ya alama ya kwanza huanza hapo.

La tatu, tusitupe taka mtoni wala katika mifereji inayokwenda mtoni, kwa kuwa mfereji ulioziba hutapika maji mahali pasipotakiwa. Tena shule zilizo karibu na mto zipande miti, mianzi na majani yenye mizizi mirefu juu ya ukingo, kaskazini na kusini kwa wakati mmoja, na mashindano yetu ya mwaka yawe ni upande gani umeotesha miche mingi isiyokufa.

La nne, tujifunze historia ya mji huu kwa ukweli, pamoja na kurasa zake zinazouma, wala tusimwachie mwenye uvumi awe mwalimu wetu. Yule kijana niliyemtaja mwanzo hakuwa mbaya. Aliambiwa neno, naye hakuwa na habari ya kulijibu. Kama gazeti hili litafika mikononi mwake, ninamwomba alisome na ramani kando yake. Akiona nimekosea mahali, na aandike katika toleo lijalo. Nami nitafurahi kusoma jibu lake, hata kama limetoka ng'ambo.